Hivi "uzungu" ni sifa au tusi? Shangazi kanichanganya

#1 Nasra_wa_Ngamiani
Wakuu salaam.

Nina swali dogo ila limenikaa kichwani wiki ya pili sasa. Kwenye grupu letu la familia la WhatsApp niliandika kwamba Jumapili napika pilau, anayekuja aniambie mapema nijue napima mchele kiasi gani. Basi. Sikusema asiyejiandikisha asije. Shangazi yangu akajibu kwa sauti, sekunde kumi na moja, nyuma kuku wanalia: "Haya, mwenzetu uzungu umeshamwingia." Halafu kicheko. Wajomba nao wakajaza vile vikatuni vya kulia machozi kwa kucheka.

Nikanyamaza. Nilipima mchele wa watu kumi, wakaja kumi na tisa.

Juzi sasa niko kwake, bomba la jikoni linavuja, kaita fundi. Fundi kaahidi saa tatu, saa tatu kasorobo keshapiga hodi. Kafunga bomba, kafagia mpaka uchafu ambao si wake. Shangazi kamsindikiza, karudi anasema, "Kijana yule ana uzungu bwana! Laiti wangekuwa wote hivyo."

Neno lile lile, mdomo ule ule. Sasa uzungu ni sifa au tusi? Na unatofautianaje na umagharibi tunaousoma magazetini, na usasa? Wajuzi wa lugha karibuni.

#2 Mla_Kiporo
Natandika mkeka hapa nasubiri wajuzi. Ila kwanza namba ya huyo fundi.

#3 Mwl_Kibogoyo
Kisarufi halina ugumu. Shina ni -zungu. Mzungu ni mtu, Kizungu ni lugha au namna, uzungu ni hali, uzunguni ni mahali. Sawa na Mswahili, Kiswahili, uswahili, uswahilini. Kiambishi u- hakisifu wala hakitukani, kinataja hali tu: utu, utoto, ujinga, uungwana, vyote vimekaa nyumba moja. Sifa au tusi analitia msemaji.

#4 Kaka_Sumu
Mwalimu, kama ni msemaji tu, mbona "acha uswahili" siku zote ni tusi? Hapa Dar sijawahi kusikia mtu anasifiwa kwa uswahili. Uswahili ni umbeya, ni "njoo kesho", ni kukopa sukari ukarudisha chumvi. Na ukitaja ramani ya mji ndiyo usiseme. Mkoloni aligawa mitaa: uzunguni bahari na miti, uhindini maduka, uswahilini vumbi. Hayo majina hayakufutika. Dodoma Uzunguni ipo mpaka leo, Mbeya Uhindini ipo. Mtu akisema "nimehamia uzunguni" hakuna anayemuuliza kama majirani zake ni weupe, anaulizwa kodi ni shilingi ngapi.

Kwa hiyo neno linalotutaja sisi limegeuka tusi, linalowataja wao ndilo lenye nafasi ya kuwa sifa. Hapo sarufi peke yake haikuvushi.

#5 Binti_Mji_wa_Kale
#4 hapo utuchunge. Huo uswahili wa umbeya ni wenu wa Dar. Sisi Mombasa ukiambiwa una uswahili wako umesifiwa: wajua kuamkia wakubwa, wajua kuvaa leso, wajua mgeni huketishwa wapi na huanzwa na nini. Mtu akivunja hayo ndipo huambiwa yuafanya uzungu. Kwa hiyo kwetu mizani imelala upande wa pili kabisa.

#6 Kaka_Sumu
Nimekubali yaishe, dada. Dar sisi tumeokota kwa mkoloni, nyie mna hati miliki.

#7 Jirani_wa_Kayole
Huku Nairobi tuko na "kizungu mingi". Unamdai mtu pesa zako, anaanza: unajua ndugu yangu, ukiangalia vile uchumi umekuwa, na vile mimi nilikuwa nimejipanga... Unamwambia wacha kizungu mingi, toa pesa. Na huenda hajatumia neno hata moja la Kiingereza! Anaongea Kiswahili, ama Kijaluo, ama Kikamba. Kwetu kizungu ni maneno ya kumzungusha mtu.

#8 Mla_Kiporo
Kuzungusha! Si ndiyo asili yenyewe? Mzungu limetoka kwenye kuzunguka. Wale wapelelezi walikuja wakizunguka porini kutafuta chanzo cha Nile, wazee wakawaangalia wakasema hawa wana kizunguzungu. Uzi ufungwe.

#9 Mzee_Kasri
Usifungwe. Hiyo hadithi tumekaririshwa, lakini tarehe zinaikataa. Burton na Speke walifika Ujiji 1858, na mwaka huo huo Speke akaliona lile ziwa akaliita Victoria. Neno lilikuwepo kabla yao. Teremka kusini kwenye bonde la Zambezi. Wareno wameingia huko tangu karne ya 16, wakamiliki maeneo makubwa yaliyoitwa prazo, na mwenye prazo wenyeji walimwita muzungu. Hilo linatangulia safari za akina Livingstone kwa muda mrefu.

Na hapa ndipo utamu ulipo kwa swali la Nasra. Wengi wa wale wenye prazo walikuwa machotara, kizazi cha tatu cha nne, wengine weusi kuliko mimi ninayeandika. Waliitwa muzungu kwa sababu ya ardhi, bunduki na watumwa waliokuwa nao. Ngozi haikuwa sharti.

#10 Mla_Kiporo
Basi walizunguka kwa meli mzee wangu. Vasco da Gama kaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, Aprili 1498 huyo hapo Mombasa. Bado ni kuzunguka, sitoki hapa.

#11 Bi_Somo
Wanaume mnazunguka na merikebu, neno lenyewe mmeliacha ufukweni. Mnaijua mizungu?

Mimi nimecheza wali, yaani wasichana waliovunja ungo. Unyagoni kuna mizungu: mafunzo ya fumbo. Unamwonyesha mwali kinyago cha udongo, unamwimbia mistari miwili, unamuuliza hii nini. Asiyechezwa ataona mtungi, au nyoka. Aliyechezwa anajua ni habari ya mume na mke na mkwe. Hiyo ndiyo mizungu, na umoja wake ni mzungu. Hata kamusi za zamani zinalo: mzungu ni jambo la kustaajabisha, hila, mbinu ya kujikwamua.

Sasa watu wanashuka chomboni wana darubini, wana saa inayogonga yenyewe, wana bunduki. Utawaitaje? Hao ni watu wenye mizungu. Mimi naliona humo, sio kwenye kuzurura.

#12 Mwl_Kibogoyo
Bi Somo shikamoo. Hoja yako nzuri ila ina ufa. Mzungu wa watu wingi wake ni wazungu, mzungu wa unyago wingi wake ni mizungu. Ngeli mbili. Maneno kufanana hakuleti undugu: paa la nyumba na paa wa porini hawajawahi kukaa kikao cha ukoo. Inawezekana ni shina moja, inawezekana yamekutana njiani tu. Wameandika wanaotetea kuzunguka na wameandika wanaotetea maajabu. Mimi sijaridhika na upande wowote.

#13 Bi_Somo
Marahaba mwanangu. Ufa nimeuona. Lakini "mtume" na "mitume" je? Mtu anakaa ngeli ya mti na bado ni mtu.

#14 Mwl_Kibogoyo
😅 Hapo umenipata. Nakunywa maji kwanza.

#15 Kijiwe_cha_Bao
Niongezee kuni. Marehemu babu yangu, mtu wa Bagamoyo, kwenye karata zile zenye picha, mfalme, malkia na ghulamu, aliziita wazungu. "Nina wazungu wawili mkononi." Nilidhani ni kwa sababu ya zile sura nyeupe za kwenye karata. Sasa nikimsoma Bi Somo najiuliza kama hakumaanisha karata zenye nguvu.

#16 Umuhire
Salamu kutoka Kigali. Huku ni umuzungu, abazungu. Wazee wengine wanalitoa kwenye kuzungura, yaani kurithi, kushika nafasi ya mtu aliyeondoka. Walikuja wakashika nafasi za wengine, ndiyo abazungu. Sijui kama ni asili ya kweli au ni uchungu wa historia umetafuta neno la kukalia. Halafu tuna abazunguzayi, ni wachuuzi wa barabarani, ninyi mnawaita wamachinga. Hao wanazunguka kweli kweli na hakuna anayewaita wazungu, Mla_Kiporo unasemaje?

Jambo jingine: bosi anayekulipa mshahara anaweza kuitwa umuzungu hata kama mama yake na mama yako walichota maji kisima kimoja.

#17 Kaka_Sumu
#16 umenikumbusha "wazungu wa unga", wauza dawa za kulevya. Magazeti ya udaku ya Dar yaliandika hivyo miaka nenda rudi: mzungu wa unga kanaswa. Ukifungua ndani, mzungu mwenyewe kazaliwa uswahilini, jina la ubini la kijijini kabisa. Mzungu wa unga ni mwenye mzigo, anayetuma wengine. Mzee Kasri na Zambezi yako, naona neno halijasogea hatua.

#18 Mtoto_ya_Lubumbashi
Jambo wote. Mimi natoka Kongo, Kiswahili yangu mtaisamehe.

Kwetu mtu akisema "anasema kizungu" ni Kifaransa, hapana Kiingereza. Kila mtu na mzungu wake. Lakini nataka kusema jambo moja. Ninyi munauliza uzungu ni sifa ao ni tusi. Kwetu uzungu ulikuwa na karatasi.

Wakati wa Wabelgiji, mtu mweusi aliyesoma aliitwa évolué. Mwaka 1948 wakaleta kadi ya sifa ya kiraia, 1952 wakaongeza cheo kingine juu yake. Ili uipate wanakuja kukagua nyumba. Wanaangalia choo, wanaangalia kitanda, kama unakula mezani na bibi yako, kama unatumia uma. Kwa Kilingala watu wale waliitwa mundele ndombe, mzungu mweusi, na mtu akisema vile unapashwa kusikiliza sauti yake ujue kama anakusifu ao anakucheka.

Babu yangu alikuwa karani. Alikuwa na uma sita ndani ya kopo ya biskuti, zimefungwa kitambaa. Mukaguzi akikuja, zinatoka. Akienda, nyanya anaosha, anapangusa, anarudisha, halafu wanakula bukari, ile ugali yetu, na mkono. Nyanya alituambia kadi haikukuja. Kopo niliiona kwa macho yangu mimi.

#19 Bi_Somo
Hizo uma sita zimenikaa rohoni. Asante mjukuu wangu.

#20 Mzee_Kasri
Mtoto wa Lubumbashi umetupa kitu. Na sisi wa Pwani tusijione tumepona, sisi tuliliweka kwenye neno lenyewe. Ustaarabu ni nini? Limetoka kwenye kujifanya Mwarabu, kushika mwenendo wa Kiarabu. Kabla yake neno kubwa la heshima lilikuwa uungwana, na muungwana maana yake ya kwanza ni asiyekuwa mtumwa. Ustaarabu ukaja kuupiku uungwana karne ya 19, zama za masultani wa Unguja. Leo Rais akihutubia anasema "tuwe wastaarabu" na hakuna anayefikiria Uarabuni.

Kwa hiyo yule fundi wa shangazi angekuja miaka mia mbili iliyopita angeitwa muungwana. Mia moja iliyopita, mstaarabu. Kachelewa kuzaliwa, kaitwa mzungu.

#21 Mla_Kiporo
Kachelewa kuzaliwa lakini bombani kawahi. Namba jamani.

#22 Nasra_wa_Ngamiani
Mla_Kiporo nimekutumia inboksi, acha kunivurugia uzi.

#23 Mwana_wa_Ruwi
Asalaam aleikum, kutoka Muscat. Wazee wetu walihamia huku kutoka Unguja baada ya 1970. Mtaani tukaitwa Wazinjibari kwa sababu ya Kiswahili chetu, na ndani ya nyumba bibi akatuita vizungu kwa sababu tunapika tambi za mchuzi wa kopo na kufunga mlango wa chumba. Mlango wa chumba ndio ulikuwa uzungu kwa bibi. "Unafunga nini, una mgonjwa humo?"

Hilo neno umagharibi mimi haliniingii. Magharibi kwetu ni sala, jua likizama ndipo siku mpya inapohesabiwa. Na al-Maghrib ni Moroko. Mtu akiandika "athari za umagharibi kwa vijana" naona kama vijana wameharibiwa na tajini, kile chakula cha Moroko.

#24 Jirani_wa_Kayole
Halafu "nchi za Magharibi" wanaweka Japani na Australia. Geuza ramani utakavyo, Japani haifiki Magharibi.

#25 Mwl_Kibogoyo
Nimemaliza maji, narudi.

Nasra aliuliza tofauti na umagharibi na imepitwa. Mimi naona umagharibi ni neno la kalamu. Utalikuta kwenye tasnifu, kwenye hotuba ya waziri wa utamaduni, kwenye tahariri. Ndani yake hakuna mtu, mna mifumo: demokrasia, soko huria, haki za nani na nani. Hakuna shangazi duniani atakayesema "mwanangu ana umagharibi". Uzungu ni neno la sebuleni, linapima vitu vidogo vidogo: kupiga simu kabla ya kwenda, kusema "hapana" bila kuizungusha, kula bila kumkaribisha aliyesimama mlangoni, kumbusu mkeo kituo cha basi, kumwita baba mkwe kwa jina.

Usasa ni jirani wa tatu. Usasa hauna kabila, ndiyo maana wauza mifugo waliukimbilia: kuku wa kizungu akawa kuku wa kisasa. Na ukitaka matusi ya kweli yapo mengine kabisa. Kasumba, lililokuwa jina la afyuni kabla halijawa ugonjwa wa akili ya kikoloni. Ulimbukeni, kutoka kulimbuka, kuonja mazao ya kwanza ya msimu ukalewa nayo. Shangazi angetaka kukutukana, Nasra, angesema ulimbukeni. Hakusema.

#26 Mkulima_Njombe
Mwalimu kataja kuku, ngoja niseme ya shambani. Wazee wetu kila kilichokuja na meli walikibandika "ulaya" au "kizungu". Viazi ulaya, ndivyo ninavyolima mimi. Sasa kiazi ni mtoto wa milima ya Andes, Amerika Kusini, Mzungu mwenyewe kaletewa! Saruji wazee waliiita udongo ulaya. Mitumba ilipoanza kumwagika wakaiita kafa ulaya, kwamba mwenye koti kafia huko, na mama yangu alikuwa akilifua mara mbili na kulianika usiku kucha kabla hatujavaa, asije marehemu akalifuata.

Lakini angalia bei ilivyogeuka. Zamani kuku wa kizungu ndiye wa wageni wa heshima. Leo nenda sokoni uulize kuku wa kienyeji ni kiasi gani na wa kisasa ni kiasi gani. Wa kienyeji yuko juu mbali, na mnunuzi wake anashuka kwenye gari lenye kiyoyozi. Nikimuuliza kwa nini, anasema "huyu ni asilia, hana madawa". Huo nao uzungu. Wa aina mpya.

#27 Fundi_Saa
Mmezunguka kote, kitu kilicho mkononi mwenu mmekiruka. Saa za kizungu!

Nina meza ya kutengeneza saa Kariakoo, nimeanza kijana. Mtu wa Pwani anahesabu toka jua linapochomoza, ndiyo saa kumi na mbili, ikifuata moja. Mzungu anahesabu toka usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kamili, na hapo pana muujiza: uso wa saa una namba kumi na mbili, kwa hiyo unachofanya ni kusoma namba ya ng'ambo. Mshale mfupi uko juu ya 9, jicho linaruka upande wa pili linaona 3, mdomo unasema saa tatu. Hakuna aliyetufundisha, mtoto wa darasa la kwanza anafanya. Nimewahi kupata wazee wawili watatu wakaniletea saa wakitaka mishale ielekee Kiswahili moja kwa moja, wamechoka kuruka. Nikawawekea.

Kwa mdomo hatukosani. Shida inaanza mtu akiandika kwa tarakimu. Simu yangu nimeiweka lugha ya Kiswahili, kila kitu Kiswahili, lakini ikifika kwenye saa inaandika kizungu. Hapo ndipo nimeona harusi zikikosa bwana harusi.

#28 Binti_Mji_wa_Kale
#27 😂 Na bado watasema Mswahili hana saa. Anazo mbili.

#29 Mzee_Kasri
Kuna upande serikali ilishawahi kujaribu kuamua neno hili kwa nguvu. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere akihutubia baada ya kuapishwa Rais wa Jamhuri alilalamika kwamba tulifundishwa kuona fahari kucheza dansi za kigeni, rumba na chacha na twisti, na wangapi wanajua gombesugu au lelemama. Akaunda wizara ya utamaduni. Baadaye Umoja wa Vijana wa TANU ukaja na Operesheni Vijana, kuanza Januari 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, krimu za kujichubua.

Dada yangu alikuwa na wigi moja tu, la kuazima. Alilizika ndani ya debe la pumba za kuku, juu akaweka kata. Mama alipokwenda kulisha akapiga kelele amegusa mnyama. Nilicheka mpaka nikachapwa.

Ninachokumbuka ni kwamba wale vijana waliokuwa wakikamata sketi wenyewe walivaa suruali na mashati ya kola. Na wakubwa walivaa ile suti ya Chuenlai, jina la waziri mkuu wa China, na hakuna hata mmoja aliyesema jamani uchina huu umezidi.

#30 Kaka_Sumu
"Uchina" sasa hivi maana yake ni simu inayokufa wiki ya pili. Kila taifa na u- yake.

#31 Mama_Theluji
Nipo Minnesota mwaka wa kumi na nne. Wanangu wakija Moshi likizo, binamu zao wanawaita wazungu siku ya kwanza, kwa sababu wanauliza "naweza kufungua friji?" Siku ya tatu hawaulizi tena, wanafungua, na hakuna anayesema "uzungu umewatoka". Kutoka kwake hakuna sherehe.

Ila kisa changu ni cha huku. Jirani yangu ni mama wa makamo, Mmarekani, mweupe kama unga wa sembe. Jumamosi moja theluji imefika magotini, napiga deki nimevaa khanga na soksi za mume wangu, nasikia mlango unagongwa. Hajapiga simu, hajaandika ujumbe. Mimi niliyelelewa kwenye nyumba isiyofungwa mlango nikazima redio nikajificha nyuma ya kochi! Kagonga mara tatu, kaondoka. Nilipofungua nikakuta mkate wa ndizi kwenye sahani, umefunikwa, bado wa moto.

Sasa wajuzi niambieni, hapo mwenye uzungu nani?

#32 Jirani_wa_Kayole
Mkate.

#33 Bi_Somo
Mama Theluji, ulimrudishia sahani na kitu ndani? Sahani hairudi tupu.

#34 Mama_Theluji
Nilimrudishia na maandazi, shoga yangu. Ila nilimwandikia ujumbe kabla ya kwenda 🙈

#35 Nasra_wa_Ngamiani
Asanteni wote, nimejifunza mengi kuliko nilivyoomba. Mwalimu ananiambia sikutukanwa, Mzee Kasri ananiambia neno ni la wenye nguvu, Bi Somo ananipeleka unyagoni. Nimeamua kwenda kwa mwenye neno.

Jana nikamfuata shangazi. Anachambua mchicha. Nikamwambia shangazi, siku ile kwenye grupu ulisema nina uzungu, ulimaanisha nini? Akanitazama, akatupa shina, akasema, "Nilisema hivyo?" Nikamchezea ile sauti. Kaisikiliza mpaka mwisho, kacheka pale pale alipocheka mwanzo. Nikamuuliza na yule fundi je? Akasema, "Yule namlipa. Wewe ni mwanangu. Yeye akija saa yake ni heshima, wewe ukinipangia saa ya kuja kwako umeniweka wapi?"

Halafu akaniambia nimletee kisu.

#36 Mwl_Kibogoyo
Hilo sikulikuta kwenye kamusi yoyote. Lakini naona bado halimhusu mtu wa #31, maana yule mama wa mkate hakulipwa.

#37 Binti_Mji_wa_Kale
Wala halielezi "kizungu mingi" ya Kayole. Shangazi kajibu ya kwake.

#38 Mla_Kiporo
Wakuu samahani natoka nje ya mada. Yule fundi. Nilimwandikia juzi kwamba koki ya bafuni imekufa, akanijibu "nakuja kesho 3:00". Nikasema huyu ndiye, shangazi kampitisha. Nikaomba ruhusa kazini, saa mbili na nusu nimeshaweka ndoo pembeni na chai mezani. Saa tatu kimya. Saa nne kimya. Saa sita nimekula ile chai na viporo. Napiga simu haipatikani.

Saa tisa kamili alasiri, hodi! Kijana kanyooka, kajipangusa miguu mlangoni, anatabasamu. Namwambia tulisema saa tatu. Anatoa simu ananionyesha, 3:00 hiyo hapo inawaka, anasema "bosi, sijachelewa hata dakika".

#39 Fundi_Saa
Nilisema #27.

#40 Jirani_wa_Kayole
Alikuja na spana ama na kizungu mingi?

#41 Mla_Kiporo
Spana alisahau. Kasema kesho 3:00.